Dawa Iliyofungiwa Sandukuni

Marehemu baba alinunua koti la mvua. Kwetu Haneti mvua yenyewe ukiiona mara tatu umshukuru Mungu, lakini alinunua, na kiangazi alilivaa kanisani, jasho likimdondokea kwenye kitabu cha nyimbo. Siku mvua ilipotukuta shambani alilivua haraka, akalikunja, akalificha kwapani. "Litaloa," alisema. Akaugua kifua wiki nzima, koti likiwa zima. Na punda wake naye... hapana, ya punda niyaache.

Ninachosema, ukoo wetu tunajua kutunza vitu.

Mdogo wetu alipopata saratani, hospitali wakasema hakuna tena cha kukata wala kuchoma, arudi kwake Majengo, pale mjini, muuguzi atamfuata hukohuko. Muuguzi akaja na bodaboda, akaleta chupa ya morfini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Anywe kila baada ya saa nne, alisema, msingoje mpaka alie. Kaka yetu mkubwa akaipokea kwa mikono miwili, akaifungia sandukuni, ufunguo akauning'iniza shingoni.

"Ataizoea," akatuambia. "Kwetu hakuna mlevi."

Wageni wakija kumjulia hali mgonjwa, kaka alifungua sanduku, akawaonyesha chupa, wakaisifu, akafunga. Mgonjwa mwenyewe amebaki mifupa, anauma shuka.

"Kaka," mdogo wetu akasema, "niizoee mpaka lini? Mpaka mavuno?"

Tukacheka, hata yeye, kisha akaanza tena kulia. Mimi ufunguo sikuuomba. Nilimwogopa kaka, uzee huu wote.

Muuguzi akarudi.

"Shikamoo babu. Mbona chupa imejaa vilevile?"

"Marahaba, mwanangu. Tunaitunza."

"Mnamtunzia nani?"

"Yeye. Akizidiwa."

Chumbani mdogo wetu akapiga yowe. Muuguzi akamtazama kaka shingoni. Mimi sijui nguvu nilizitoa wapi, nikanyoosha mkono.

"Kaka, lete ufunguo."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumwambia kaka "lete".

Akauvua, akauweka juu ya kigoda, si mkononi mwangu. Mdogo wetu akanywa. Alasiri alilala mdomo wazi kama mtoto aliyeshiba, na siku alizobakiza alikunywa uji na kututania mmoja mmoja.

Kaka hakuyaona hayo. Alichukua fimbo, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi, Majengo! Akapita kwa wauza mtama, akakata kona, na hakurudi tena, hata kuzika.