Kilichokuwa Kikitembea Ukutani

Shemeji yangu walimwita Sikio, na si kwa ajili ya ukubwa wa masikio yake, ingawa Mungu hakumpunja. Alikuwa fundi bomba. Mafundi wengine wakiambiwa ukuta unavuja hubomoa kwanza, kufikiri ni baadaye. Yeye aliweka ncha moja ya ufito wa chuma ukutani, ncha nyingine sikioni, akafumba macho na kusogea taratibu mpaka aseme, "Hapa." Wakipasua hapo, wanakuta maji.

Dada yangu alimpenda kwa utulivu huo. Mimi nilimwonya kwamba mwanamume anayesikia mambo ya ndani ya kuta atamchosha. Alicheka, akaolewa. Mimi ndiye mdogo wake wa mwisho, na katika ukoo wetu kazi yangu ni kusema yale ambayo wenzangu wanayameza.

Saratani ya matezi ilimwanza shemeji shingoni. Alitundikiwa dripu kwa miezi, akapata homa katikati, akapewa antibiotiki kali, akakonda mpaka mkanda ukamzunguka karibu mara mbili. Mwishowe daktari akasema amepona. Tulilia kwa furaha, hata mimi, na mimi silii hovyo. Akarudi nyumbani na kipara chake, akidai sasa amekuwa kijana wa kisasa.

Haukupita muda mrefu dada akanipigia simu. "Njoo ukae nasi kidogo. Nyumba imekuwa ya ajabu."

"Ajabu vipi?"

"Wewe njoo tu."

Nilifika asubuhi, jua limeshapanda. Dada alikuwa kazini. Mlango haukuwa umefungwa. Nilipiga hodi, hakuna aliyeitikia, ila nilisikia maji. Bomba la jikoni lilikuwa wazi, linamwaga. La bafuni wazi. La uani wazi pia. Hii ni nyumba ya mtu aliyewahi kukosana na mama yangu mzazi kwa sababu ya tone moja linalodondoka kwenye sinki. Nikafunga la jikoni, nikaenda kufunga la bafuni. Niliporudi jikoni, lile la kwanza lilikuwa wazi tena, na hapakuwa na mtu.

Nasema ukweli, nilitaka kuchukua mkoba wangu niondoke.

"Usifunge, shemeji," sauti ikasema kutoka chumbani.

Nikamkuta amepiga magoti nyuma ya kitanda, anahema kama aliyetoka mbio jikoni. Alikuwa amebandua plasta, vumbi jeupe limemjaa kichwani, ufito uko sikioni. Hakunisalimia.

"Kuna kitu kinatembea humu."

"Si maji?"

"Maji nayajua."

Akanipa ufito. Nilitaka kumtania, lakini nilipouweka sikioni utani ukanikauka. Kitu kilinguruma mbali, kikanyamaza, kikatoa mluzi mrefu mwembamba, kisha kikajigeuza taratibu, kama mtu anayetafuta mkao mzuri kitandani. Shemeji alikuwa ameegemeza ubavu wake ukutani, ananitazama, macho yamemtoka.

"Umesikia?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akainuka kwenda dirishani kukohoa, na ukuta ukafa. Sikusikia chochote. Akarudi, akaegemea tena. Kile kitu kikaamka.

Nilielewa kabla sijataka kuelewa. Nikaondoa ufito sikioni na bado nikakisikia, wazi kabisa, chini ya shati lake.

"Shemeji, hilo ni tumbo lako."

Alinitazama kana kwamba nimemlaani. "Tumbo langu limepona. Nimeambiwa nimepona." Hapo hapo uso ukambadilika, akatoka mbio kuelekea chooni, na njiani nikasikia bomba moja baada ya jingine likifunguliwa zaidi, mpaka nyumba nzima ikawa inavuma maji. Ndipo nikajua mabomba yale yalikuwa ya kazi gani. Alikuwa akiharisha, na hakutaka sikio la mtu yeyote limfikie.

Jioni nikamweleza dada. Alikuwa anakunja nguo. Hakuinua uso. "Ni uchovu wa dawa zile," akasema, akaendelea kukunja shuka ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

Kisha kukawa kimya. Shemeji alikwenda duka la dawa akanunua vidonge vya kufunga tumbo, akavimeza kwa ukarimu wa mtu anayejitibu mwenyewe. Mabomba yakafungwa. Ukuta akauziba, akaulainisha kwa mwiko, akausikiliza, akatabasamu. "Nimekiweza," akasema. Dada akafurahi, akapika, akaimba jikoni.

Mimi kimya kile kilinitisha kuliko ngurumo. Niliketi naye sebuleni, bega kwa bega. Tumbo la binadamu halikosi la kusema, hata kama ni kulalamikia chai. La kwake halikusema kitu. Sahani ilipoa mbele yake. Vifungo vya shati vilikuwa vimevutika, na nilipomgusa mkono ulikuwa wa moto. Alikuwa mnene upya mahali pamoja tu, na bado alitabasamu.

Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida, swali la kazini kwake. "Shemeji, bomba lilikuwa linanguruma kutwa nzima, halafu limenyamaza ghafla, na maji bado yanaingia. Unafanyaje?"

"Unafungulia njia haraka," akajibu kwa mazoea. "Maana huko nyuma presha inapanda, na likipasuka—"

Akaishia hapo. Aliweka kiganja tumboni, akabonyeza kidogo, na uso ukamkunjamana kwa maumivu.

"Mwite dada yako," akasema.

Hospitalini alipokewa na daktari mwanamke. Akaweka chombo chake cha kusikilizia juu ya lile tumbo gumu, akasubiri. Akakisogeza, akasubiri tena. Akakitoa masikioni, akakigonga kwa kidole kuhakikisha ni kizima, akakirudisha.

"Ulianza kuharisha lini?"

"Juzi," shemeji akasema.

"Tangu alipotoka hapa," dada akasema. Hakupaza sauti. "Mimi ndiye ninayefua."

Shemeji akageuza shingo kumtazama mkewe. Sijapata kuona mtu akitazamwa vile.

"Ulijua?"

"Kila siku. Ningesema, wangetuambia imerudi. Ulipokuwa unafungulia maji nilikuwa nashukuru."

Daktari akawatazama wote wawili, akavuta kiti. Akasema saratani haijarudi. Akasema antibiotiki za wakati ule wa homa ziliua vijidudu vyema vya tumboni pamoja na vibaya, kikabaki kimoja kikaidi, kikajimilikisha nyumba. Dawa yake ipo. Wangekuja mapema wangepewa vidonge, warudi nyumbani kwa miguu yao. Lakini vile vya kufunga tumbo vimefungia sumu ndani, na sasa utumbo umechoka, na huenda wakaukata.

Waliukata. Nilikaa na dada kwenye benchi, nikiwa na hasira nao wote wawili kiasi cha kushindwa kumshika mkono, kisha nikamshika.

Aliishi. Sehemu kubwa ya utumbo ilibaki hospitalini, na kile kidudu kimemrudia mara mbili tangu hapo, maana hakiamini kufukuzwa. Kuna vyakula hatavila tena, na kuna kazi za mbali hazipokei kwa kuogopa kukosa choo. Lakini siku hizi tumbo likimharibikia anatutangazia sote mezani, wageni wakiwemo, bila haya hata kidogo. Na dada yangu, tonge likiwa bado mdomoni, anainuka kutafuta viatu, waende hospitali.