Damu Iliyoitika

Miaka ya themanini ikielekea mwisho nilikuwa fundi wa redio mjini Kisumu, na mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Siku moja alirudi kutoka kliniki ya wajawazito, akaweka kadi yake mezani. Kwenye mstari wa kipimo cha kaswende palipigwa muhuri: "Reactive".

"Nesi anataka na wewe ukapimwe," akasema.

Sikumuuliza maana ya neno lile. Nilimuuliza ni mwanamume gani. Aliingia chumbani kufunga nguo zake. Kabla ya jioni alikuwa ameshaondoka kwenda kwao Pap Onditi, wala sikumzuia.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kliniki, nikitaka tu ionekane kwamba mimi ni safi. Damu yangu ikatoka "Non-reactive". Nesi, mama wa makamo, aliniona ninavyotabasamu, akafungua daftari.

"Bwana, usifurahi haraka. Reactive ni damu kuitikia dawa tunayopimia. Kuitikia si lazima iwe kaswende. Malaria inaweza kuleta hivyo, hata mimba yenyewe. Ndiyo maana damu yake tuliipeleka kipimo cha pili." Akaweka kidole kwenye jibu. "Hana kitu. Alikuwa na homa?"

Alikuwa nayo. Siku chache kabla ya kliniki alitetemeka siku tatu mfululizo, na ni mimi niliyekuwa nikimkanda kwa maji.

Kesho yake nikafika Pap Onditi. Nilimkuta akianika mtama uani. Nikamweleza yote, nikamnyoshea karatasi ya jibu lake niliyopewa na nesi. Hakuipokea.

"Ile ya kwanza uliiamini," akasema. "Na hii umeiamini. Mimi je, uliniamini lini?"

Mama yake alinitilia uji, nikanywa, nikarudi peke yangu. Nilikwenda tena mara nyingi mwaka ule. Binti yetu alizaliwa huko, akakulia huko, na likizo zikifika alikuwa akija kwangu. Mama yake hakuja kamwe.

Ninachotamani zaidi ni zile asubuhi za Jumapili, mke wangu alipokuwa akisuka nywele mlangoni huku akinisimulia ndoto zake, nami nikimwitikia bila kuinua kichwa kwenye kazi yangu. Ndoto hata moja siikumbuki.