Viazi vya Mwezi wa Pili

Kwa miaka ishirini na mbili Nthiwa alikuwa jirani yangu hapa Waa, pwani, na miaka yote hiyo tuligombana juu ya jambo moja tu: viazi vipandwe lini. Sisemi viazi vitamu, maana hivyo huku kwetu hata mtoto huchomeka rando, tawi lake, mchangani likaota. Nasema mbatata, vile vya mviringo ambavyo watu wa bara huviita waru. Nthiwa alizaliwa Ukambani, juu kwenye milima ya Mbooni kwenye baridi, na mama yake alikuwa akipanda kwa mvua za Oktoba. Basi naye alipopata kununua ekari yake moja nyuma ya kwetu, alipanda Oktoba. Nilimwambia kwamba huku Oktoba ni vuli, mvua ya mzaha, hunyesha wiki mbili kisha ikakuachia jua la kaskazi likuchomee kila kitu. Alinisikiliza kwa adabu zote, akanishukuru, akapanda Oktoba.

Kila Januari alifukua viazi vidogo kama gololi, akavitia ndani ya kofia yake na kuja kunionyesha. "Mwaka huu vimenenepa kidogo, Mama Luqman," husema. Nami hucheka mpaka mbavu zikaniuma. Huyu ni mtu aliyekuwa mtunza bustani wa hoteli kule Diani miaka kumi na tisa, aliyestawisha nyasi juu ya mchanga mtupu wageni wakalala juu yake, lakini kiazi cha kwao kilimshinda. Hoteli ilipofungwa wakati wa korona alirudi nyumbani na toroli na mkasi wa kukatia michongoma, akasema sasa ana wakati wa kutosha wa viazi. Akapanda Oktoba.

Mimi nahesabu siku namna alivyonifundisha marehemu mama. Naanza na siku ya mwaka mpya, ile ya wazee wetu, mwishoni mwa Julai, kisha naenda kumi kumi mpaka siku ya mia mbili na sabini. Siku hiyo huangukia baada ya katikati ya Aprili, mvua kubwa imekwisha kushika na ardhi imepoa. Mbele yake kuna miezi ya baridi, na kitu chochote kinachochukia joto hupata nafasi ya kupumua. Nilimwambia hivyo Nthiwa mara ishirini na mbili. Alisema mama yake hakuwa na hesabu hizo na watoto wake walishiba.

Mwaka jana Oktoba hakupanda. Chakula kilikuwa kimeanza kumkwama kooni. Kwanza nyama, kisha ugali, kisha hata wali ulikuwa lazima ausukume kwa maji. Januari alilazwa hospitali siku sita. Alirudi amekonda, shati linamning'inia, lakini amechangamka kuliko siku nyingi, kwa sababu dawa alizopewa zilikuwa zimemwondolea maumivu. Ndugu yake Muema alikuwa amemletea kikapu cha mbegu kutoka Mbooni, viazi vyenye macho yaliyoanza kuchipua. Nilipokwenda kumpa pole alinionyesha kile kikapu chini ya kitanda.

"Mama Luqman, safari hii nimekubali," aliniambia. "Nitapanda siku yako. Ugonjwa umenifundisha subira. Tutapanda mwezi wa nne, tuvune wa saba, na vingine tuviweke viwe mbegu ya mwaka ujao."

Nilimtania, nikamwambia kumbe ilihitaji hospitali nzima kumfundisha Mkamba mmoja kuhesabu. Alicheka huku ameshika koo. Mkewe Kaindi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji, na yeye hakucheka. Nilimwona, nikadhani amechoka tu.

Siku ya pili yake Kaindi alinifuata kisimani kwangu. Ni mwanamke wa maneno machache, akija kwako hana salamu ndefu.

"Nataka kupanda vile viazi kesho," alisema.

"Kesho? Kwa jua hili? Mwezi wa pili huu, Mama Judy, utavioka."

"Kesho."

Nikamwambia kwamba mumewe amekwisha kukubali Aprili, tena mwenyewe, baada ya miaka ishirini na mbili, na kwamba yeye Kaindi ndiye aliyekuwa akimsuta kila mwaka anisikilize mimi. Alikaa juu ya ukingo wa kisima. Akaniambia kwamba daktari alimwita kando siku ile ya kutoka hospitali. Uvimbe ulikuwa umeshika koo lote na haukuweza kukatwa. Wajiandae, daktari alisema, kwani huenda asiuvuke mwezi wa sita.

"Yeye anajua?"

"Hajui. Anafikiri ni vidonda. Anafikiri dawa za maumivu ndizo zinazomponya." Alikuwa akizungumza akitazama ndoo. "Mimi siwezi kumwambia. Nimejaribu, mdomo haufunguki. Lakini nataka ale viazi vya shamba lake. Ametafuta viazi hivyo maisha yake yote hapa. Tukingoja siku yako, hatakuwepo."

Nilikasirika. Nilimkasirikia daktari kwa kumwambia mke bila kumwambia mume, nikamkasirikia Kaindi kwa kuficha, nikajikasirikia mwenyewe kwa ule utani wa jana. Kupanda mwezi wa pili ni upuuzi, na kungoja mwezi wa nne kulikuwa ukatili. Nikaingia ndani nikachukua jembe.

Hatukuweza kupanda shambani kwao, maana kitanda cha Nthiwa kilikuwa dirishani na dirisha latazama shamba. Tulipanda kwangu, nyuma ya kisima, matuta mawili mafupi. Kaindi alivitoa kikapuni viazi kumi na vitano, akamwambia mumewe vilikuwa vimeanza kuoza. Nthiwa akamsifu kwa kuwahi kuviona kabla havijaambukiza vingine. Kaindi alinisimulia hayo huku akifukia, na uso wake sikupenda kuutazama.

Tukasimamisha vijiti, tukatandika makuti juu yake jua lisipige. Tukafunika ardhi kwa nyasi kavu na majani ya migomba. Alfajiri baada ya kuswali nilimwagilia mimi, jioni alimwagilia Kaindi. Alimwambia mumewe anakwenda kuchota maji, na kweli alichota, tena ndoo nne nne. Kaskazi ya mwaka huu ilikuwa kali, kuku walishinda wamepanua midomo kwenye kivuli cha jiko, na miche mitano ilikufa wiki ya tatu. Iliyobaki ilisimama. Sijapata kutunza mmea kwa hofu namna ile. Nilikuwa nikiamka naingiza kidole ardhini kabla ya kunawa uso.

Huko nyumbani kwao mambo yalikuwa yakienda nyuma. Mwanzo wa Machi Nthiwa alikuwa anakula uji mzito, mwisho wa Machi uji mwepesi. Sauti ilibadilika, ikawa ya kunong'ona. Na bado kila nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza tumefika siku ya ngapi. Mia mbili na thelathini na tano, nilimwambia. Mia mbili na hamsini. Alikuwa akifurahi hesabu ikipanda. Alitaka Judy, binti yao aliyeko Nairobi, aje na mume wake mwezi wa saba wachimbe pamoja. Alimweleza Kaindi nafasi za kuacha baina ya mche na mche. Mimi nilijibu yote kwa uso mkavu, na njiani nikirudi nilikuwa nikitukana peke yangu, sijui nikimtukana nani.

Mvua kubwa ilianza wiki ya kwanza ya Aprili. Tarehe kumi na tano Kaindi alikuja akasema jana amemaliza siku nzima na vijiko vichache vya uji. Hatuwezi kungoja zaidi. Vile viazi vilikuwa na siku sabini, havijakomaa, lakini tulifukua. Tulipata tisa. Kikubwa kilikuwa kama yai la kuku, na vyote vilikuwa safi, ngozi nyembamba, havina donda. Katika miaka ishirini na mbili sijaona viazi kama hivyo Waa. Nakiri kwamba nilijivuna.

Tulikuwa tumepanga maneno. Tungesema Muema amevituma kwa basi kutoka Mbooni. Kaindi alivichemsha kwa chumvi kidogo, akaviponda vinane kwa maziwa mpaka vikalainika kabisa. Kimoja alikiacha kizima kando ya sahani, kwa sababu alitaka mumewe akione. Nami nikafuatana naye chumbani, maana nilitaka kumwona Nthiwa akila. Huo ndio ukweli, sikuwa na shughuli nyingine mle.

Alikula vijiko vitatu. Alikula taratibu, amefumba macho, na kila kijiko kilishuka. Kaindi alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Kisha Nthiwa akakichukua kile kizima, akakisugua kwa kidole gumba, na ngozi ikachubuka ikatoka.

"Vimetoka wapi hivi?"

"Muema ameleta kwa basi," Kaindi alisema.

"Cha basi hakichubuki hivi. Hiki kimetoka ardhini leo."

Kaindi akanitazama mimi. Nami, badala ya kunyamaza, nilifungua mdomo wangu huu. Sijui ilikuwa huruma au ile fahari yangu ya hesabu na kumwagilia, na nikijiuliza sana naona ilikuwa fahari. Nikamwambia, "Ni vyako, Baba Judy. Vimeota hapa hapa Waa, kando ya kisima changu. Mkeo alivipanda."

Alifurahi. Nataka ijulikane kwamba alifurahi. Uso wake ulifunguka nikaona tena yule mtu wa kofia ya gololi. "Hapa Waa?" alisema. "Mchanga huu huu?" Akakigeuzageuza kile kiazi mkononi, akakinusa, akamtazama mkewe kwa namna ambayo sijamwona mume akimtazama mke aliyezeeka naye. Halafu akauliza swali ambalo mtunza bustani yeyote angeuliza.

"Mlipanda lini?"

Mvua ilikuwa ikigonga bati. Alianza kuhesabu mwenyewe kwa vidole, kwa kurudi nyuma, Aprili, Machi, na kidole cha tatu kikabaki kimesimama.

"Mwezi wa pili," alisema. "Juani. Na mimi nimekwisha sema tungoje." Akamgeukia mkewe. "Kwa nini hukungoja, Kaindi?"

Kaindi alianza kulia bila sauti. Nilitaka kusema neno, lolote, kwamba tulikuwa tukijaribu tu, kwamba ilikuwa mchezo wa wanawake. Lakini Nthiwa alikuwa amefanya kazi ya udongo tangu utoto, na alijua hakuna anayepanda kiazi kwenye jua la Februari ila awe na haraka. Nilimwona akilitafuta lile jambo, na nikamwona akilipata.

"Daktari alisema mpaka lini?" aliuliza.

"Wa sita," Kaindi alisema.

"Vya mwezi wa nne huvunwa wa saba," alisema kwa ile sauti yake ya kunong'ona, wala hakuwa akitwambia sisi. Kisha akairudisha sahani mikononi mwa mkewe, akasema ameshiba, ahsante. Alikuwa hajala hata nusu.

Nilimuomba radhi kesho yake na keshokutwa yake. Kila mara alinijibu hapana neno, Mama Luqman, kwa upole uleule wa siku zote. Hakuniuliza tena tumefika siku ya ngapi.

Siku ya mia mbili na sabini iliangukia Jumatano. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha sawasawa, na asubuhi ardhi ilikuwa laini, baridi, tayari. Nilikwenda na jembe langu kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na kwa sababu kutokwenda kungekuwa kusema jambo ambalo sikuweza kulisema. Kaindi alikuwa amekwisha kukivuta kile kikapu kutoka chini ya kitanda. Machipukizi yalikuwa marefu, meupe, yamesongamana. Nthiwa alikuwa amelala ameelekea ukutani.

"Baba Judy," mkewe alisema, "leo ndiyo siku. Tupande?"

Akasema bila kugeuka, "Pandeni mkitaka. Ni vyenu."

Tulitoka tukaanza. Kaindi alichimba, mimi nikaweka mbegu, macho juu, nafasi ileile aliyotuagiza. Tulikuwa kwenye tuta la tatu tuliposikia bawaba za dirisha. Mle ndani Nthiwa alikuwa peke yake, na tangu Jumapili hakuwa ameinuka bila kushikwa. Aliinuka, akalivuta dirisha akalifunga, asisikie majembe.