Ruphin, Gardien wa Barafuni

Victorine hakuwahi kuona mchezo wa kipuuzi kama ule ambao mumewe aliuita kazi. Watu wazima, wenye watoto na magari, wanavaa viatu vyenye visu chini, wanajifungia kwenye friji kubwa lililomo ndani ya jengo la maduka, na huko nje jua la Johannesburg linawaka bure. Halafu wanakimbizana na kisahani cheusi cha raba ambacho nusu ya muda hakionekani kiko wapi. Na katika wapuuzi wote hao alikuwepo mmoja aliyekubali kusimama mbele ya wavu ili kisahani kimpige yeye. Huyo ndiye aliyemwoa.

"Benzangu baliolewa na balevi," aliwaambia wateja wake pale Doornfontein, mguu ukikanyaga cherehani. "Miye niliolewa na ukuta."

Ruphin aliingizwa katika mchezo huo na neno moja. Wakongo wa mjini humwita mlinzi wa dukani gardien, kwa Kifaransa, na Ruphin, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa gardien kwenye jengo hilo la maduka kaskazini mwa jiji: sare ya kahawia, redio kiunoni, rungu ambalo halijawahi kumgusa mtu. Jumapili moja asubuhi, miaka kumi na minne iliyopita, Mkanada mmoja aitwaye François, kocha wa timu ya hoki ya barafuni iliyocheza humohumo, alimsikia akizungumza Kifaransa kwenye simu. Uso wa mzungu ukachangamka. Akamuuliza kama yeye ni gardien. Ruphin akajibu kwamba ndiyo, huu mwaka wa tatu.

Alijua fika kwamba neno hilohilo ni la golikipa pia. Lakini mtu mwenye rungu mkononi atawazaje habari za golikipa? Golikipa wa timu ile hakutokea siku hiyo, na François alikuwa na haraka. Wakampeleka chumbani, wakamfunga makinga miguu manene kama magodoro, wakamvika kifua cha plastiki, glavu kubwa na kofia yenye waya usoni. Ruphin akadhani kuna fujo inakuja, na kwamba kampuni yao hatimaye imekumbuka kuwapa walinzi vifaa vya maana. Alikwisha kusukumwa barafuni alipogeuka na kuona wavu nyuma yake.

Aliingizwa mabao kumi na moja. Muda wote mkono wake mmoja ulikuwa umeshikilia nguzo ya goli asianguke. Ila hakukwepa hata mara moja, na François, aliyezoea makipa wanaofumba macho, akaona amepata shujaa. Victorine alipohadithiwa alicheka mpaka sindano ikamchoma. Shujaa gani? Mtu hakukwepa kwa kuwa hakujua kuteleza kwenda kando.

Basi hapo ndipo ujinga ulipoota mizizi. Ruphin akawa anajifunza kuteleza kila asubuhi kabla ya zamu, anarudi nyumbani na makalio ya zambarau. Akasoma pembe, akasoma mabega ya wapigaji, akajua kisahani kitatokea wapi kabla ya mpigaji mwenyewe kujua. Timu ikapanda daraja. Walikwenda Cape Town kwa basi, wakarudi na kikombe chenye ukubwa wa bilauri, na Ruphin akakiweka juu ya kabati kati ya Biblia na dawa ya mende. Meno yake mawili yalibaki huko Cape Town. Victorine alishona makinga yake ya miguu kila yalipopasuka, akavunja sindano nene tatu, na kila ilipovunjika alimtajia mumewe jina la mchezo wenye akili. Kanisani, watu walipouliza shemeji anafanya kazi gani, alijibu kwa mkato: gardien. Waliitikia kwa heshima, wakidhani wameelewa, naye hakuwasahihisha. Heri mumewe ajulikane kama mlinzi wa duka tu, kuliko aanze kueleza watu wa Bukavu habari za barafu.

Magoti yalipokufa, Ruphin akiwa na miaka arobaini na mmoja, Victorine alishukuru Mungu kwa sauti. Alishukuru mapema mno. Klabu ikampa makipa wadogo awafundishe mwisho wa wiki, kisha ikamwachia timu nzima ya vijana, na mtu aliyekuwa akipigwa mwenyewe sasa akawa anafundisha watoto wa watu kupigwa. Kocha. Neno hilo Victorine alilitamka kama mtu anayetema unywele.

Mwezi uliopita kampuni ya ulinzi ikapoteza mkataba wa lile jengo la maduka, na Ruphin akavua sare. Zikabaki njia mbili. Klabu ilitaka kuajiri kocha wa vijana wa kudumu, na kamati ilisema itaamua Jumamosi, baada ya mechi na timu ya Pretoria. Njia ya pili aliipata Victorine mwenyewe: Bakiri, mtu mmoja mstaarabu wa Tanga aliyekuwa msimamizi wa walinzi katika soko kubwa la Fordsburg, na ambaye mkewe alishonewa nguo na Victorine, alikuwa na nafasi moja ya mlinzi. Alitaka jibu Jumamosi hiyohiyo kabla ya adhuhuri, maana majina yalikuwa yanapelekwa mchana.

Victorine hakuwa na shaka jibu ni lipi. Kodi ya nyumba hailipwi kwa kisahani. Kwa hiyo Jumamosi, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, akafunga cherehani, akavaa koti la baridi, akanyang'anyana teksi na watu, akaenda uwanjani. Hakwenda kutazama. Alikwenda ili mumewe akishashindwa amkute palepale, asipate nafasi ya kwenda kujifariji kwa wenzake.

Jukwaa lilimchukiza kuliko hata alivyotarajia. Wazazi walikaa na mablanketi na kahawa za vikombe vya karatasi, wanawapigia watoto kelele za maelekezo, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kusimama pale barafuni bila kushikwa mkono. Mwenye kelele kuliko wote alikuwa baba wa golikipa wa timu ya Ruphin, msichana wa miaka kumi na mitano aitwaye Refilwe. Mwanamume huyo alikuwa na duka la vigae, na koti lake liliandikwa jina la duka mgongoni, kama vile mtu angeweza kumsahau. Refilwe alipoingizwa bao la kwanza, baba alipiga kelele. La pili, akasimama. Msichana akaanza kuinua macho jukwaani kila kisahani kilipokaribia, na kipa anayetazama jukwaani hata Victorine alijua mwisho wake. Bao la tatu likapita katikati ya miguu. La nne hakuliona kabisa.

Ndipo mwenye vigae akaweka viganja mdomoni, akamwambia kocha kwa Kiingereza, uwanja mzima ukisikia, kwamba yeye ni mlinzi, arudi akalinde geti.

Watu wawili watatu wakacheka. Victorine akahisi damu inampanda. Maneno yale aliyafahamu vizuri sana. Aliyasema mezani, aliyasema kitandani, aliyasema mbele ya wateja, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, wala hayakuwahi kumtia aibu. Sasa yalimtia aibu hata akashindwa kukaa.

Ruphin hakugeuka. Aliomba mapumziko mafupi, akamwita Refilwe kando ya uwanja, akasimama mbele yake, jukwaa akalipa mgongo. Akatanua mikono juu ya ubao, akaegemea, koti likafunguka pande mbili. Kutoka jukwaani msichana hakuonekana tena, na yeye hakuweza kumwona mtu yeyote wa huku. Alimwambia nini, hakuna aliyesikia. Hayakufika maneno kumi. Baba akahama kiti ili amwone mwanawe, na Ruphin, bila kuangalia nyuma, akasogea hatua moja upande huohuo. Akahama tena. Ruphin akasogea tena.

Mpumbavu huyu, Victorine aliwaza, bado anadaka. Akaona uchungu kwamba ameyajua hayo leo, baada ya sindano tatu na meno mawili.

Akateremka ngazi mpaka kwa mwenye vigae, akamgonga begani kwa kidole, akamwambia kwa Kiingereza chake cha wateja: "Yule ni mume wangu. Maneno hayo ni yangu mimi. Wewe hujawahi kumkanda hata goti moja."

Mwanamume akamtazama toka juu hadi chini, akamuuliza anatoka wapi. Victorine akajibu kwamba anatoka Doornfontein, akaketi kiti cha nyuma yake, na mechi ikaisha bila mtu huyo kufungua mdomo tena.

Refilwe hakutazama jukwaani tena. Aliokoa mengi, lakini yale manne yalikuwa yameshaingia. Wakafungwa manne kwa matatu. Mwenyekiti wa kamati alimfuata Ruphin palepale kando ya barafu, akamshika mkono, akaongea naye muda mfupi kama wa kuagiza chai, akaondoka. Ruphin akapanda ngazi pole pole kwa sababu ya magoti. Akamwambia mkewe kwamba wamemchukua mtu wa Pretoria, mwenye vyeti. Yeye wanamshukuru.

"Nilikuambia" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Victorine, neno lake alipendalo kuliko yote. Simu ikaita kabla hajalisema. Alikuwa Bakiri. Ruphin akajua ni nani, akanyoosha mkono aipokee, uso mkavu, tayari kukubali. Victorine akageukia upande wa pili na simu yake.

"Shemeji, adhuhuri ndiyo hii," Bakiri alisema. "Nimwandike mzee?"

"Hapana, kaka Bakiri. Andika mwingine. Bwana yangu iko kocha."

Bakiri akaipokea habari kwa furaha. "Hongera sana. Kocha wa wapi?"

Ruphin alikuwa ametoa macho, anamtikisia kichwa. Victorine akamwinulia kidole anyamaze.

"Wa wapi, hatuyajua bado," akasema. "Lakini iko kocha."

Akakata simu haraka, kabla hajapata akili ya kubadilisha mawazo.