Nesi Anayeshuka Kusalimia

Nesi wa zahanati yetu ameanza kwenda kazini kwa baiskeli. Gauni lake jeupe analibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, na akianza kukanyaga pedeli huiambia baiskeli kwa sauti ileile anayowaambia watoto wetu siku ya chanjo: "Haiumi, mama, haiumi." Akiwa mwendoni yuko vizuri. Kupanda ndiyo kazi. Hurukaruka kwa mguu mmoja hatua kumi nzima, ulimi nje, na ile mikono inayopata mshipa wa kichanga mara moja inatetemeka kwenye usukani.

Sasa, hapa kwetu mzee hasalimiwi ukiwa umekaa juu ya baiskeli, na babu Bartolomeo kila asubuhi yupo getini kwake, katikati ya mlima. Nesi anashuka, anampa mkono, anaulizwa habari za nyumbani mpaka za kuku, kisha anashindwa kupanda tena, anaikokota mpaka juu. Jumatatu nilikuwa nyuma yake, mwanangu mgongoni.

"Babu, nikichelewa tena napewa barua ya onyo," alisema. "Kesho nikupigie kengele tu nipite?"

"Kengele? Kwani mimi mbuzi?"

Nesi akacheka, akaikokota baiskeli yake.

Leo nimemkuta babu juu kabisa ya mlima, mbali na geti lake, ameegemea fimbo, anahema.

"Shikamoo babu. Mbona uko huku?"

"Huku kuna mteremko," akasema. "Akishanisalimia, ajiachie tu."