Kichwa cha Pili

Nāhulu alikuwa na pumzi ndefu kuliko mtu yeyote wa bonde la Waipiʻo, na pumzi hiyo ndiyo iliyomlisha. Kazi yake ilikuwa kughani ukoo wa mtawala Kalaniʻulu: mume, mke, mtoto, mume, mke, mtoto, mpaka kwenye miungu, bila kuruka jina na bila kuvuta pumzi katikati ya fungu. Mghani akivuta pumzi pasipo pahali pake, wahenga wamelikataa jina. Basi, imekwisha, hakuna wa kubishana nao. Baba yake alimfundisha kwa kumzamisha kichwa mtoni tangu akiwa na miaka sita.

Mumewe, Pakū, alikuwa mkulima wa magimbi na alishakufa. Mwanawe mmoja tu, Kahiwa, alirithi jembe la baba yake, na mkewe Kahiwa, Lupua, alikuwa na mimba ya miezi sita. Watu wa jembe walikatazwa kuhesabu ukoo kupita babu na bibi. Nāhulu, ambaye kazi yake ilikuwa kujua, alijua kwamba nyanyake Lupua mzaa mama alichanjwa alama kwenye paji la uso, alama ya wale waliotengwa ambao hakuna anayekula nao. Alinyamaza. Msichana alikuwa na adabu na mikono ya kazi, na mkulima haulizwi mkewe katoka wapi.

Kule juu huulizwa. Mwana na binti wa Kalaniʻulu, baba mmoja mama mmoja, walikuwa wameozwa wao kwa wao, kama ukuti unavyopindwa ukarudi kwenye shina lake, na mtoto wao alikuwa mtakatifu kuliko wazazi wake. Akipitishwa njiani, watu wote hulala kifudifudi. Asubuhi moja alipitishwa kandokando ya mashamba, naye Kahiwa yumo matopeni mpaka magotini, na mzigo wa magimbi begani. Alihangaika kuutua. Wote walipokuwa wamelala, yeye alikuwa bado ameinama.

Adhabu yake ilikuwa kunyongwa na kulazwa madhabahuni. Walimfunga mchana uleule.

Nāhulu alikwenda uani kwa Kalaniʻulu akitambaa, akaomba kughani. Aliruhusiwa, maana wakubwa hawachoki kusikia majina yao. Akaanza juu kabisa, akashuka kizazi kwa kizazi, na alipofika kwa Kalaniʻulu hakumtaja mke wake mkubwa. Alijitaja mwenyewe. Kalaniʻulu akakaa na Nāhulu, akazaliwa Kahiwa, wa vichwa viwili. Pumzi yake haikutikisika.

Wa vichwa viwili ndiye mwenye baba wawili, na huko si aibu, ni utajiri. Lakini mtoto wa namna hiyo huchukuliwa akalelewa na wakubwa, na Pakū alikuwa anampenda mtoto yule kupita kiasi. Ndiyo maana Nāhulu alifunga mdomo miaka ishirini na mbili.

Mzee Kalaniʻulu aliagiza Kahiwa aletwe. Akamzunguka.

"Masikio ni yangu," alisema, akacheka. "Mwanamke wewe, umenificha mtu mzima hivi?"

"Nilikuwa na choyo, Mtukufu."

"Mfungueni. Baba mdogo wa mtoto mtakatifu halali matopeni. Mtoto akipita, ataketi tu, inatosha."

Nāhulu alilia kwa furaha mbele za watu. Hakuona kwamba Mahoe, mghani mwenzake aliyekaa upande wa pili kumsahihisha, alikuwa amenyanyua kichwa.

"Na tumbo lililoko nyumbani kwa huyu bwana mpya?" Mahoe aliuliza kwa upole. "Mjukuu wa Mtukufu huyo. Tumwingize kwenye ukoo kwa mama gani?"

"Kwa Lupua," alisema Nāhulu.

"Mama yake?"

"Kaʻehu."

"Na mama yake Kaʻehu? Ghani, dada yangu. Wewe si ndiye mwenye pumzi?"

Kahiwa alimtazama mama yake. Yeye hakujua lolote, alikuwa anatabasamu, mikono bado ina alama za kamba. Nāhulu alipaza sauti akalitunga jina papo hapo, mwanamke wa pwani ya Hilo ambaye hajawahi kuzaliwa. Jina likatoka vizuri. Lakini mke lazima awe na mume, na mume hakuwa amemtunga. Alivuta pumzi.

Ilikuwa ndogo, ya kifaranga. Uwanja mzima uliisikia.

"Ana alama usoni, yule bibi," Mahoe alisema, bila kufurahi. "Ulijua, nami nilijua. Kwa mkulima lisingenihusu."

Mdomo uliponza kichwa, na safari hii si kichwa chake. Damu ya Kalaniʻulu haiwezi kuchanganywa na ya waliotengwa. Mtoto kama huyo hapewi kuishi siku hata moja. Lupua aliwekewa walinzi mpaka alipojifungua. Mtoto alikuwa msichana. Walimchukua na kitovu chake, wakampeleka kwenye mawe ya pwani, na Lupua akafukuzwa kwenda kwa watu wa nyanyake. Kahiwa alishikwa na watu wanne, kwa heshima, kwa kuwa sasa alikuwa mkubwa.

Siku chache baadaye alikuja kwa mama yake, vazi la manyoya mabegani. Nāhulu akapiga magoti, uso chini, kama sheria inavyotaka.

"Mama, inuka."

"Siwezi, mwanangu. Wewe ni wa kupigiwa magoti."

"Ungeniacha nife," alisema Kahiwa. "Nilikuwa mtu mmoja. Unanisikia, mama? Nilikuwa mmoja tu."

Nāhulu alimwambia akiongea na udongo kwamba hata leo angesema vilevile, kwa kuwa ni mwanawe. Kahiwa alisimama pale mpaka magoti ya mama yake yakafa ganzi, halafu akaenda zake.

Nāhulu hawakumfukuza kazi, wenye majina yote kichwani hawapatikani kirahisi. Aliendelea kughani kila sikukuu, akawa mzee, na Kahiwa hakuoa tena, licha ya dada wa kambo aliyetengewa awe mkewe. Mume, mke, mtoto. Akifika kwa Kahiwa, Nāhulu alivuta pumzi, waziwazi, mahali ambapo hapana jina, nafasi ya mtoto mmoja. Kumwachia nafasi mtoto aliyekataliwa ni kosa la kufa. Mahoe, upande wa pili, alitazama mkeka, na hakumsahihisha hata mara moja.