Pande Nne za Neno "News"

Tangu nianze majaribio ya kazi kwenye redio moja hapa Morogoro, wenzangu wananiita Nani-Kakwambia. Mtu akileta habari ya chui aliyeshuka kutoka milima ya Uluguru usiku, namuuliza hivyo hivyo: "Nani kakwambia?" Mhariri wetu, Mama Salome, aliipenda tabia hiyo, ila alinionya: nikisema hewani jambo nisilolithibitisha, nirudi kwetu Turiani nikalime mpunga.

Jana asubuhi tukiwa hewani, msikilizaji akauliza neno "news" limetoka wapi. Nikakivuta kipaza sauti kama profesa. Nikaeleza kwamba herufi zake nne ni za pande za dunia kwa Kiingereza, kaskazini, mashariki, magharibi na kusini, kwa kuwa habari hutoka kila upande.

"Nani kakwambia?" akauliza Zuhura, mtangazaji mwenzangu.

"Mwalimu wangu wa kidato cha kwanza."

"Na yeye nani kamwambia?"

Zuhura akafungua kamusi kwenye simu, akasoma: neno limetokana na "new", yaani mambo mapya, basi. Hizo pande nne watu walizibuni baadaye.

Mlango wa studio ukafunguka. Akaingia Mama Salome, nami nikaanza kuuona mpunga wa Turiani.

"Shikamoo, mama," nikasema, bado tuko hewani.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, usiondoke. Hata mimi nimewafundisha watangazaji hizo pande nne miaka yote, na hakuna aliyeniuliza nani kaniambia."